Korosho zimelipa, shemeji anataka kuleta Aqua: jamaa wa Kilimarondo na hesabu ya gari la haibridi

Msimu wa korosho ukienda vizuri, Kilimarondo huhitaji kuuliza. Mabati mapya yanang'aa, pikipiki zinaongezeka barabarani, na ndugu wa Dar waliokuwa kimya tangu Pasaka wanakumbuka kupiga simu kusalimia. Jamaa wa stori hii, mwenye duka la misumari, saruji na rangi, pamoja na shamba la mikorosho aliloachiwa na baba yake, naye simu yake iliita. Aliyepiga ni shemeji yake, kaka wa mke wake, anayeishi Tabata na kuendesha gari la Bolt.

"Shem, hongera, nasikia mzigo umeingia. Sasa achana na hiyo IST, inakumaliza kwa wese. Nimekuonea Aqua moja hapa, safi kabisa. Haibridi hiyo. Ukijaza tenki unasahau sheli ilipo."

Hapo ndipo usingizi wa jamaa ulipoanza kukatika.

IST yenyewe aliinunua Dar mwaka 2015, ikiwa tayari imeshapita mikono miwili. Namba C, rangi ya fedha ambayo sasa ni rangi ya vumbi. Imebeba saruji, imebeba mbuzi, imebeba wapiga ngoma, imebeba maharusi watatu na maiti mmoja. Lakini miaka miwili hii ilikuwa imeanza kula oili. Ukiiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu kama mama anayepuliza kuni mbichi. Fundi wake wa Nachingwea aliinama, akanusa bomba la moshi, akasema neno moja tu: "Ringi." Maana yake injini imechoka ndani, na dawa ni kuifungua au kuibadilisha.

Kwa hiyo swali la kubadilisha gari halikuwa la anasa tu. Kitu kilikuwa lazima kifanyike. Ila kipi?

Kama ulikuwa hujawahi kulifuatilia hili, gari la haibridi lina injini ya petroli ya kawaida na mota ya umeme zikifanya kazi pamoja. Toyota ndio walioanza kuliuza kwa wingi na Prius, Japani, Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011 kama mdogo wake wa bei nafuu. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri kubwa iliyo chini ya kiti cha nyuma. Ukiwa kwenye foleni, injini inazima na gari linasukumwa na umeme. Hakuna kuchomeka popote. Jamaa alilieleza hili kijiweni mara tatu, na bado kila siku kuna mtu alimuuliza, "Sasa hilo gari utalichaji wapi, na umeme wenyewe ndio huu wa kukatika?"

Alichukua daftari la mkopo la dukani, akafungua ukurasa wa nyuma kabisa, akaanza kuandika.

Aqua, milioni 15. IST akiiuza kwa mtu asiyesikia harufu ya moshi, milioni 9. Cha kuongeza, milioni 6. Kwa mwezi anatembea kilomita 1,500. IST inakwenda kilomita 12 kwa lita, hizo ni lita 125. Petroli akaiweka 3,000 kwa urahisi wa hesabu, maana bei za EWURA hubadilika kila mwezi na zile chupa za barabarani kijijini zina bei yao wenyewe. Jumla 375,000. Aqua akaipa kilomita 20 kwa lita, akajiona mtu wa haki kabisa, kwa sababu vipimo vya kiwandani Japani viliitangaza kwa kilomita 35.4. Kwa 20, lita 75, shilingi 225,000. Anaokoa 150,000 kila mwezi, 1,800,000 kwa mwaka. Milioni sita zinarudi ndani ya miaka mitatu na miezi minne. Baada ya hapo ni faida tupu.

Alimpelekea mke wake daftari jikoni kama mtoto aliyepata alama nzuri.

Mke wake ni mwalimu wa shule ya msingi. Darasa la sita, hisabati. Hapo ndipo jamaa alipokosea.

Mama alisoma, akafuta mikono, akauliza swali dogo. "Hizi kilomita 1,500 ni za mwezi gani?"

Ni za mwezi wa kumi na moja. Kipindi cha korosho, ambapo jamaa anakwenda shamba, anakwenda chama cha msingi, anakwenda ghalani, anakwenda Nachingwea benki kuangalia kama pesa imeingia, na kesho yake anakwenda tena. Masika gari linalala. Kuna wiki nzima linatoka mara moja tu. Mama akaenda kwenye kile kikopo ambacho jamaa hutupia risiti za sheli, wakakaa chini usiku huo wakazipanga kwa miezi. Kulikuwa na safari za Ruangwa nyingi kuliko alivyokuwa akikumbuka, na nyingi zikiangukia tarehe ambazo Namungo walikuwa wakicheza nyumbani. Hilo lilipita bila maneno, ila lilipita likiwa limeonekana.

Jumla ya mwaka mzima ilitoka kilomita 9,600. Wastani wa 800 kwa mwezi, karibu nusu ya alichoandika. IST kwa kilomita hizo inakula lita 800, yaani milioni 2 na laki 4. Aqua lita 480, milioni 1 na elfu 440. Anachookoa ni 960,000 kwa mwaka. Milioni sita sasa zinarudi baada ya miaka sita na miezi mitatu.

Jamaa hakukubali kirahisi, na alikuwa na hoja. "Lakini IST yenyewe haiwezi kubaki hivi. Injini ya mtumba, kuifunga, shokapu na tairi mbili, fundi kaniambia milioni 2 na laki 3. Hiyo pesa itatoka tu. Kwa hiyo tofauti ya kweli ni milioni 3 na laki 7." Ukigawa, ni chini ya miaka minne. Na hapo alikuwa sahihi. Watu wengi wakipiga hesabu ya gari jipya husahau kwamba gari la zamani nalo lina bili yake, na kulibakiza si bure.

Mama akatikisa kichwa, akaandika 3.7 vizuri, akapigia mstari. Wakalala.

Asubuhi yake jamaa alipeleka habari kwa fundi Nachingwea. Fundi huyu, IST anaifungua hata taa zikizimika. Injini yake na za Probox nyingi ni ndugu, vipuri vimejaa kila duka, na kisichokuwepo kinaletwa na basi kesho yake. Alipoulizwa kuhusu Aqua alinyamaza kidogo. Akasema ameshaletewa moja, ya mtumishi mmoja aliyehamia. Alipofungua boneti akakuta nyaya nene za rangi ya chungwa, akaifunga tena. Rangi hiyo ndiyo alama ya umeme mkubwa. Betri ya Aqua ni ya volti 144, sio 12 za betri tuliyoizoea. "Hapo sigusi bila mtu aliyesomea," alisema. "Nitakuua gari, au gari litaniua mimi." Ni jibu la mtu mwaminifu, na si kila fundi angelitoa. Wapo ambao wangeanza kukata nyaya huku wakikuagizia soda.

Kijiweni nako kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila jambo jipya analipima kwa karanga. Wazee wa Nachingwea wanaijua stori hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuja na mpango wao wa karanga, matrekta, mitambo ya kung'oa miti, na reli kutoka Mtwara. Ulianza 1947, 1951 ukafutwa. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. "Mashine zilikuwa nzuri," mzee alisema, akikoroga kahawa isiyo na sukari. "Hazikuwa na mtu wa hapa wa kuzitengeneza." Jamaa alicheka na wenzake, lakini maneno yale alirudi nayo nyumbani.

Sasa, kuna kitu hakikuwa kwenye daftari.

Miezi michache nyuma kulikuwa na harusi Ruangwa. Jamaa alikwenda na familia, wamependeza, mama kavaa kitenge kipya. Wakapaki karibu na mlango. Baadaye akafika mwenzake waliosoma wote sekondari, ambaye zamani alikuwa anamwazima daftari, akiwa na Harrier nyeusi namba E. Mshereheshaji akashika maiki: "Mwenye IST inayotoa moshi hapa mlangoni aisogeze, gari la wageni wa heshima lipite." Ukumbi ukacheka. Jamaa naye akacheka, akatoka, akaisogeza, akakaa ndani ya gari dakika kumi nzima kabla ya kurudi. Mke wake alihesabu hizo dakika.

Kwa hiyo alipoanza kusema habari za wese, mama alijua kuna moshi mwingine unaozungumzwa. Hakumwambia. Alisema tu, "Nenda Dar ukaliendeshe kwanza. Usinunue gari kwa voisi nouti."

Akapanda basi. Akavuka Daraja la Mkapa akiwa na daftari kwenye mfuko wa koti.

Na ukweli usemwe, aliipenda. Shemeji alimpa usukani wa Aqua yake mwenyewe barabara ya Mandela, saa kumi na moja jioni, foleni imelala. Gari likawa kimya. Kimya kabisa, hadi akadhani amelizima. Magari ya pembeni yananguruma na kuchemka, yeye anasogea kama mtu anayeteleza kwenye mkeka. Kioo kinamwonyesha umeme ukienda na kurudi. Kilomita 22 kwa lita, kwenye foleni ile ile ambayo IST ingekunywa kama ng'ombe wa mnadani. Alikaa nayo mpaka Buguruni na kurudi. Shemeji alikuwa anatabasamu tu, hana haja ya kuongea.

Lakini wakiwa wanakula chipsi usiku, jamaa aliuliza swali alilotumwa. "Betri je?"

Shemeji akapunguza kutafuna. "Nilibadilisha mwaka jana."

"Shilingi ngapi?"

"Milioni moja na laki nane. Ila shem, ilikuwa uzembe wangu. Kuna feni pale pembeni ya kiti cha nyuma, inavuta hewa ya kupoza betri. Ilijaa vumbi, sikusafisha. Ukiisafisha haina shida."

Vumbi. Dar, kwenye lami, feni ilijaa vumbi. Jamaa akaangalia chipsi zake, akaiona barabara ya Kilimarondo mwezi wa tisa, gari la mbele likipita na wewe huoni kitu kwa dakika nzima.

Tena shemeji mwenyewe, kwa kuwa ni mtu mzuri, alimfafanulia jambo lingine bila kujua anajiharibia biashara. Haibridi inashinda zaidi pale gari linaposimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Ndiyo maana inawalipa madereva wa mjini. Yeye anatembea kilomita 200 kwa siku, kwa hiyo kila lita anayookoa ni ugali mezani, na betri ya laki kumi na nane ilijilipa ndani ya miezi. Kwenye barabara ndefu isiyo na foleni, injini ndiyo inayofanya kazi karibu muda wote. Bado inakula kidogo kuliko IST, ndio, ila lile pengo kubwa la mjini linapungua.

Gari lilelile, mtu mwingine, hesabu nyingine kabisa.

Jamaa alirudi na daftari. Mama akachukua ile 3.7 aliyoipigia mstari, akajumlisha 1.8 ya betri, kwa sababu Aqua ya 2012 ikiwa na betri yake ya kuzaliwa ni suala la lini tu. Milioni 5 na laki 5. Akagawa kwa 960,000. Miaka mitano na miezi karibu tisa. Akarudisha kalamu.

Halafu akaongea kuhusu 2018, jambo ambalo kwenye nyumba yao halitajwi sana. Mwaka ule wanunuzi walipogoma na bei, serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo. Bei ilikuwa nzuri. Pesa ndiyo ilichelewa, na kwao ilichelewa mpaka mama akauza cherehani yake ili mtoto aende shule. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo huku kusini ilipita 4,000 kwa kilo, watu wakacheza. Lakini hakuna anayejua mwakani. Na binti yao yule yule sasa yuko chuo Mtwara, mkopo umegusa sehemu tu ya ada.

"Mimi sikukatazi gari," alisema. "Nakuuliza tu, siku RUNALI wakipiga mnada bei ikadondoka, hiyo Aqua tutailisha nini?"

Kisha akamkumbusha ule usiku. Mwezi wa tatu, mvua ya siku mbili, mke wa jirani kashikwa na uchungu umekaa vibaya, pikipiki haiwezi. IST ilitoka saa saba usiku. Ilinasa kwenye korongo, maji yakafika kwenye vizingiti vya milango, vijana wakasukuma. Mbele kidogo hosi ya rejeta ikapasuka. Wakaifunga kwa mpira wa baiskeli, wakajaza maji ya mfereji kwa kandambili, ndio, kandambili, wakafika hospitali ya wilaya kabla ya alfajiri. Yule mtoto sasa anakimbia, na kila akiliona gari lile analipiga teke tairi.

"Pale kwenye maji," mama aliuliza, "betri yako ya volti ngapi ile imekaa wapi?"

Chini ya kiti cha nyuma. Pale pale alipokuwa amelala mgonjwa.

Jamaa hakujibu. Aqua ina sentimita 14 tu kutoka chini hadi bodi, na alikuwa amelisoma hilo mwenyewe, ila hakuliandika kwenye daftari.

Wiki iliyofuata injini ya mtumba ilishuka kwenye basi Nachingwea ikiwa imefungwa kwenye magunia. Fundi aliifunga siku mbili. Wakaweka shokapu mpya na kuinua springi kidogo. Ikawaka bila moshi. Jamaa alizunguka nyuma ya gari mara mbili kuhakikisha, halafu akapiga honi bila sababu. Ada ya binti ikalipwa ya mwaka mzima. Iliyobaki ikakaa benki, ikimsumbua jamaa kila akipita mtandaoni na kuona picha za Aqua nyeupe ya "mmiliki mmoja, haijarudiwa rangi".

Maana asije mtu akadhani alipona. Bado anaangalia. Bado shemeji anatuma voisi nouti. Na mama analijua hilo, ndiyo maana daftari limehamia kwenye kabati lake.

Mwezi wa saba, barabara ikiwa kavu, shemeji alikuja likizo. Na Aqua yake. Kijiwe kizima kilikuwa kimeshaweka dau kwamba ataiacha Nachingwea na kuomba kufuatwa. Hakuiacha. Saa kumi jioni gari lilitokea kwenye kona ya msikiti, jekundu kwa udongo, bampa ya mbele imeshikwa na waya, na linatembea kimya kimya hivi kuku wakashindwa kulikimbia. Watoto wakalizunguka. Mzee wa karanga alisimama kulitazama, jambo ambalo halifanyi kwa magari.

Shemeji akashuka, akajinyoosha, akaonyesha kioo. Kutoka Nachingwea, kilomita 18 kwa lita.

Jamaa alikuwa amejua atakachofanya kabla hajakifanya. Kwa 18, lita 533, milioni 1 na laki 6 kwa mwaka. Inaokoa laki nane. Milioni tano na nusu gawa kwa laki nane, karibu miaka saba. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti. Mke wake alimwona, akaweka sufuria chini.

"Karibu kaka," akamwambia. "Pole na safari. Mwezi wa tatu ungefika?"

Shemeji akacheka hadi akashika mlango. "Mwezi wa tatu ningekupigia mje na IST."

Wakacheka wote, mpaka jamaa. Kisha akamwomba shemeji funguo, azunguke nayo kidogo tu, mpaka shuleni na kurudi. Alikwenda mpaka jua likazama.